Pampu ya shawa: pima kwanza, dukani utaenda baadaye

Wateja wangu wengi hunipigia simu wakiwa wameshaamua. "Fundi, shawa haina nguvu, njoo na pampu ya hosipawa moja." Sijaiona nyumba, sijui tangi liko wapi wala bomba ni la ukubwa gani, lakini hosipawa nimeshapangiwa. Mimi ni fundi bomba, na kazi zangu nyingi ziko Kimara, Mbezi na Goba, huku kwenye vilima vya Dar es Salaam ambako maji ya DAWASA huja na kukatika, kwa hiyo karibu kila nyumba ina simtanki lake. Nyumba za namna hiyo ndizo ninazoziandikia: tangi limekaa juu ya zege la choo au kwenye mnara mfupi, maji yanashuka yenyewe mpaka bafuni, na yakifika kwenye shawa yanadondoka tu.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa bafu moja au mawili, pampu kubwa ni hasara. Ndogo inatosha, na kuna nyumba ambazo hata hiyo ndogo hazihitaji.

Ndoo na saa ya simu

Chukua ndoo ya lita 10. Fungua shawa mpaka mwisho, kinga, hesabu muda kwa simu. Ndoo ikijaa kwa dakika moja na robo, unapata lita 8 kwa dakika. Hiyo ni shawa nzuri, funga mkoba wako ukapumzike. Ikichukua dakika tatu, ni lita 3 na kidogo, na hapo tuna la kuzungumza.

Sasa fungua kichwa cha shawa, bomba libaki wazi, upime tena. Kama bomba wazi linajaza ndoo kwa dakika moja na kichwa kikirudishwa zinakuwa tatu, ugonjwa uko kwenye kichwa. Maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa, na chokaa hiyo huziba vitundu kimoja kimoja mpaka unaoga kwa nyuzi tatu za maji zinazokimbilia ukutani. Loweka kichwa kwenye siki usiku kucha, kisugue kwa mswaki wa zamani, toboa vitundu kwa pini. Kikigoma, nunua kingine chenye vitundu vipana, si kile cheupe chenye swichi ya mitindo mitano ya kumwaga maji. Vile vimetengenezwa kwa maji yenye presha kubwa, vikifungwa kwenye maji ya tangi fupi vinakuwa mapambo.

Bomba wazi nalo likitoa kidogo, usikimbilie dukani bado. Fuata njia ya maji kutoka tangini. Mara nyingi nakuta geti vavu ambayo mkono wake unazunguka vizuri kabisa lakini kile kibamba cha ndani kimekatika na kubaki chini, kimeziba zaidi ya nusu. Ibadilishe kwa bol vavu, ile ya mpini unaofunga kwa robo mzunguko. Nakuta pia bomba limetoka tangini na inchi moja, likapungua robo tatu, halafu likatembea mita 15 kuzunguka nyumba kwa nusu inchi. Kwenye PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu namba inayoandikwa ni kipimo cha nje kwa milimita. PPR ya 20 tundu lake ni kama milimita 13 au 14 tu, kutegemea unene wa ukuta wake. Ya 25 huwa na 16 au 17 hivi. Kwa njia ndefu inayoshuka kutoka tangini mimi natumia 32, napunguza nikishafika bafuni.

Na kuna kosa la PPR ambalo kwa nje halionekani. Mashine ya kuchomelea ikikaa kwenye nyuzi 260, bomba la 20 linahitaji sekunde 5 tu za moto, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Fundi mwenye haraka huliacha zaidi, kisha hulisukuma kwa nguvu ndani ya elbo, na plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani ikatengeneza pete. Ukizikata elbo za aina hiyo unakuta tundu la kupitisha penseli. Hakuna pampu inayotibu hilo. Ukiiweka utasikia kelele, maji hutayaona.

La mwisho kwenye ukaguzi huu ni hewa. Bomba likishuka kutoka tangini, likapanda juu ya dari, likashuka tena, hewa hukaa pale juu na kubana maji. Dalili yake ni shawa inayokohoa, inatoa, inaacha, hasa baada ya tangi kukauka na kujazwa upya. Dawa ni kunyoosha njia au kuweka kijibomba cha kupumulia pale juu, mdomo wake uzidi kimo cha tangi.

Tepu ya kupimia

Kila mita 10 za maji yaliyosimama huleta presha ya baa moja. Haijalishi tangi ni la lita 500 au 5000. Kinachosukuma ni kimo, si wingi. Watu hawaniamini hapa. Wananunua tangi kubwa zaidi wakitarajia shawa ipige zaidi.

Chukua nyumba ya dada yangu pale Goba. Tangi la lita 1000 liko juu ya zege la jiko, kitako chake ni mita 3.2 kutoka sakafu ya bafu. Kichwa cha shawa kiko mita 2. Tofauti ni mita 1.2, na tangi likijaa unaongeza kama mita moja ya maji yaliyomo. Maana yake presha kwenye shawa ni baa 0.12 tangi likikaribia kuisha, 0.22 likijaa. Ndiyo sababu anayeoga wa kwanza baada ya maji kuja husifu shawa, na wa mwisho huita fundi. Kwa kuoga kwa raha, mimi hulenga presha inayokaribia baa moja.

Njia ya kwanza ni kupandisha tangi. Mita 3 zaidi ni baa 0.3 zaidi, na hazili Luku wala hazikatiki umeme ukikatika. Ukiwa bado unajenga, ninakushauri mnara mrefu kabla ya pampu. Lakini lita 1000 za maji ni tani moja, na tani moja juu ya nondo ambazo huzijui ni jambo la kumuuliza fundi wa ujenzi, si fundi bomba. Nyumba ikishakamilika, kuta zimepakwa rangi na jirani ameshaweka kibaraza chake pale ulipotaka mnara, tunarudi kwenye pampu.

Kabla ya kununua, fanya hesabu nyingine ambayo hakuna muuza duka atakayekufanyia. Kuoga kwa ndoo ni lita 20. Shawa yenye pampu ikitoa lita 9 kwa dakika, mtu akikaa dakika 8 ametumia lita 72. Watu watano wakioga mara moja kwa siku ni lita 360 badala ya 100. Mtaani kwako maji yakija mara mbili kwa wiki na tangi ni la lita 1000, pampu itakuletea ugomvi wa familia. Ongeza tangi la akiba chini, au nunua pampu ndogo zaidi na kichwa kinachobana maji.

Angalia kwanza maji yako ya moto yanatoka wapi

Hapa ndipo pampu inapoharibu vitu vya thamani kuliko yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama una shawa ya umeme, ile inayochemsha maji yanapopita, kumbuka kwamba haina tangi la kutunza joto. Nguvu yake ni ileile, maji yakipita mengi yanapoa. Yenye wati 5500 ikipitisha lita 4 kwa dakika huongeza karibu nyuzi 20. Ikipitisha lita 8 huongeza nyuzi 10 tu. Dar haikusumbui, maji ya tangini yana joto lake tayari. Lakini mteja wangu mmoja alinipigia kutoka kwao Njombe, amefunga pampu, analalamika kwamba shawa imekuwa ya baridi. Maji ya nyuzi 16 yakiongezewa 20 ni 36, unaoga. Yakiongezewa 10 ni 26, unatetemeka. Pampu yake ilikuwa nzima na shawa yake nzima. Tatizo ni kwamba vilikuwa vinafanya kazi pamoja. Soma pia kikaratasi cha shawa: nyingi zina mwisho wa presha, na Lorenzetti, ambazo zimejaa madukani kwetu, kwa kawaida huandika mita 40 za maji, yaani baa 4. Pampu ya nusu hosipawa ikisukuma bomba lililofungwa inaweza kuufikia mpaka huo.

Kama una hita ya sola ya mirija ya vioo yenye tangi lisilo la presha, usiiingizie maji ya pampu kabisa. Tangi lile ni bati jembamba lililokusudiwa kujazwa na maji ya kushuka, lina kijibomba cha kupumulia juu. Likisukumiwa presha linavimba au linapasuka mshono. Pampu ikae baada ya hita, upande wa maji yanayokwenda bafuni, na iwe inayoruhusiwa maji ya moto. Kibandiko chake kitasema nyuzi ngapi.

Na kama bafu lina mikisa ya moto na baridi, usiipe pampu njia moja tu. Ukisukuma baridi pekee, baridi itaingia kwenye bomba la moto kupitia mikisa na kurudi mpaka kwenye hita. Utasubiri maji ya moto mpaka uchoke. Ama usukume njia zote mbili, ama uweke pampu mahali ambapo inalisha zote, kama hita yako inaruhusu presha.

Pampu yenyewe

Kuna aina tatu za kufikiria.

Ya kwanza ni ile ndogo inayokaa kwenye mstari wa bomba, wati 90 mpaka 120, haizidi mkate wa nusu kilo kwa ukubwa. Huwa na swichi ya mtiririko: maji yakianza kupita, inawaka, ukifunga, inazima. Grundfos wana UPA 15-90, Wilo nao wana zao, na zipo nyingine nyingi za bei ya chini. Hupandisha maji kama mita 8 au 9, yaani baa 0.8 au 0.9 bomba likiwa limefungwa, na kidogo pungufu maji yakienda. Ni kimya, unaweza kulala chumba cha jirani. Kwa nyumba ya dada yangu ndiyo niliyochagua, maana tangi tayari liko juu na tulichokosa ni baa moja pungufu kidogo. Sharti lake ni kwamba maji yaweze kutiririka yenyewe kwanza, kama lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika, ili swichi ishtuke. Kama shawa iko ghorofani sawa na kitako cha tangi na hayatoki kabisa, pampu hii haitaamka.

Ya pili ni ile ya nusu hosipawa, wati 370, ambayo kila duka la Kariakoo linayo. Pedrollo wa Italia huiita PKm 60, na zinazofanana nayo kwa umbo na rangi hazihesabiki. Kibao chake husema mita 40 na lita 40 kwa dakika. Usivisome pamoja. Mita 40 ni pale maji hayatoki, lita 40 ni pale karibu hayapandi. Kwa lita 10 kwa dakika, ambazo shawa moja inataka, bado inasukuma zaidi ya mita 30, na hizo ni baa 3. Sasa fikiria hosipawa moja uliyoniagiza. Aina hii nzuri ni kwa tangi lililo chini sakafuni, au nyumba ya ghorofa, au bafu mbili na jiko kwa pamoja. Ina tabia mbili za kujua. Nafasi kati ya impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, na ukuta wake ni ndogo mno, mchanga kidogo tu unaila. Pia ukiibana kwa vavu upande wa kutokea ili ipunguze nguvu, inakula umeme zaidi, si pungufu, na mota inachemka. Ikiwa nguvu imezidi, weka kipunguza presha au badili pampu.

Hii ya pili huja bila akili. Inahitaji kontrola ya kuiwasha na kuizima. Ile ya boksi dogo inayofungwa juu ya mdomo wa kutokea huwasha presha ikishuka chini ya kiwango, kwa kawaida baa 1.5, na huzima maji yakiacha kupita. Nyingi pia hukata umeme maji yakiisha, zikawasha taa nyekundu. Kwa sababu ya hiyo baa 1.5, bomba la juu kabisa lisizidi mita 15 juu ya kontrola, vinginevyo uzito wa maji peke yake utaizuia isiwake. Wapo wanaopenda tangi dogo la presha la lita 24 na swichi yake. Ni zuri, pampu haiwaki kila unaponawa mkono, ila hewa ya ndani lazima ikaguliwe kwa geji ya tairi, iwe baa 0.2 chini ya presha ya kuwasha, tena upime tangi likiwa halina maji. Hakuna anayeikagua. Kwa hiyo siliweki, isipokuwa mteja awe mtu wa mashine.

Ya tatu, jeti ya kunyonya kutoka tangi la ardhini, ni habari nyingine yenye futi vavu na mambo ya kunyonya. Kwa shawa tu, kama una tangi juu, usijiingize huko.

Kwa maji ya kisima yenye chumvi, uliza impela ni ya nini. Shaba nyeupe au ya njano ina maisha kuliko chuma. Mwili wa chuma cha kusubu utapata kutu ndani, na pampu ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa hukwama.

Jambo moja ambalo silifanyi hata kwa pesa nyingi: kufunga pampu ivute moja kwa moja kutoka bomba la mtaani. Mamlaka za maji zinakataza, jirani unamnyima, na bomba la mtaani likiwa na ufa karibu na mtaro, unachovuta ni maji ya mtaro. Maji yaingie tangini kwanza.

Kufunga

Pampu ikae karibu na tangi, chini ya mdomo wa kutokea, si bafuni. Pampu inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ile ya nusu hosipawa ijengee kibaraza cha zege cha kimo cha tofali moja, mvua isiifikie, hewa ipite, na chini ya miguu uweke kipande cha mpira wa tairi. Usiifunge kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ukuta utavuma. Ile ndogo ya mstari inabebwa na bomba lenyewe, ila shafti yake lazima ilale sawa na ardhi, hata kama bomba limesimama. Beringi zake hulainishwa na maji yanayopita, ikisimama wima hewa hukaa juu na beringi inakauka. Mshale kwenye mwili unaonyesha maji yaende wapi. Ufuate, hata kama maandishi yatakaa kichwa chini.

Mpangilio kutoka tangini ni huu. Mdomo wa kutokea uwe sentimita chache juu ya kitako, tope libaki tangini. Kisha bol vavu, kisha kichujio cha wavu kinachofunguka, kisha yunioni, kisha pampu, yunioni nyingine, na bol vavu ya pili. Yunioni mbili ni lazima. Bila hizo, siku pampu ikiharibika utakata bomba. Upande wa kuingilia usipunguze ukubwa: mdomo wa pampu ukiwa inchi moja, leta inchi moja mpaka mdomoni. Tredi zifungwe tepu kwa mwelekeo wa kukaza, na kwenye mdomo wa pampu usikaze kwa ubabe. Chuma cha kusubu kinapasuka, na ufa wake hauzibwi na siliconi.

Sasa njia ya pembeni, ambayo mafundi wengi huiruka na ndiyo ninayoipenda. Kabla ya pampu, baada ya kichujio, weka tii, yaani kiungo cha njia tatu. Baada ya pampu weka tii nyingine. Ziunganishe kwa bomba lenye nonritani, vavu inayopitisha maji upande mmoja tu, inayoelekea bafuni. Umeme ukiwepo, pampu inasukuma, nonritani inajifunga, maji hayarudi nyuma kuzunguka. Umeme ukikatika, maji ya tangi yanapita pembeni, shawa inadondoka kama zamani, na hakuna aliyebaki na povu kichwani. Nonritani iwe ile ya kibamba kinachoning'inia, ilale sawa na ardhi. Ya springi inataka msukumo kuifungua, na wewe una mita moja na kidogo tu ya maji. Springi itakula sehemu yake. Kwa pampu ndogo ya mstari maji hupita hata ikiwa imezima, kwa hiyo njia ya pembeni si lazima sana, ila inasaidia siku ya kuitoa kwa matengenezo.

Umeme, mimi nachimba mfereji tu, waya namwachia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ninachokagua ni haya: pampu iwe na breka yake ya ampia 6 au 10, isiunganishwe na waya wa shawa ya umeme, maana shawa ya wati 5500 peke yake inavuta ampia 24 na inataka njia yake nene. Ethi iwepo kweli, iende kwenye chuma kilichozikwa, si waya wa kijani uliokatwa na kufichwa ndani ya boksi. Na kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Maji, mtu aliye peku na mota ya chuma. Sijadili punguzo hapo.

Kuiwasha

Fungua bol vavu ya kuingilia kwanza. Pampu ya nusu hosipawa ina kizibo juu. Kifungue, acha maji yajae mpaka hewa iishe, kifunge. Ile ndogo, legeza skurubu ya mbele mpaka maji yachuruzike. Fungua shawa, ndipo uwashe umeme. Itakohoa dakika moja, kisha itatulia. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, ikilowa, kaza. Macho hayaoni tone linaloanza.

Pima ndoo tena. Kwa dada yangu ilitoka lita 3 ikafika karibu 9, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kisha funga mabomba yote na usikilize. Pampu izime ndani ya sekunde chache. Kaa nusu saa bila mtu kufungua maji. Ikiwaka yenyewe, kuna mahali panavuja. Karibu kila mara ni floti ya tangi la choo, inayochuruzisha maji ndani ya bakuli bila sauti. Kontrola huona presha imeshuka, inawasha, inazima, inawasha, usiku kucha, na baada ya miezi michache mteja anasema pampu ni mbovu. Tengeneza choo kwanza.

Ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Ama kapasita imekufa, ama umeme umeshuka sana kama unavyoshuka jioni mitaa mingine, ama imekwama kwa kutu. La kukwama unaweza kulitatua mwenyewe: zima breka, toa kifuniko cha feni nyuma, zungusha feni kwa mkono. Kwenye nyingine, mwisho wa shafti una mkato wa bisibisi. Ikishalegea, washa.

Kichujio kisafishe kila mwezi, na kila DAWASA wanapotengeneza bomba mtaani, kwa sababu maji ya kwanza baada ya matengenezo huja na rangi ya chai. Wakati huo ni bora uzime pampu kabisa siku nzima, tope litulie tangini.

Mkienda kijijini Desemba, zima breka ya pampu na ufunge bol vavu ya tangi. Bomba likipasuka mkiwa safarini, pampu ingemwaga tangi zima sebuleni na kuendelea kujaribu. Mkirudi, fungua maji, toa hewa, zungusha shafti kwa bisibisi mizunguko kadhaa mpaka iwe laini, ndipo uwashe breka.